Jinsi msongo wa mawazo unavyovuruga ishara za mwili kwa wakimbizi wa Dzaleka

Mtu anapohisi kiu, njaa au mapigo ya moyo, ubongo wake umepokea taarifa kutoka ndani ya mwili. Taarifa hizo husafirishwa na neva na kufasiriwa katika sehemu ya ubongo iitwayo insula. Msongo wa mawazo wa muda mrefu unaweza kuivuruga tafsiri hiyo.

Kambi ya Dzaleka, iliyo takriban kilomita 40 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Leo ina zaidi ya watu 50,000, mara kadhaa ya idadi iliyokusudiwa, wengi wao wakitoka Congo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warejee kambini. Watu waliokwisha kukimbia vita walilazimika kuacha tena nyumba na maduka.

Hatari inapotokea, homoni ya adrenalini huharakisha mapigo ya moyo na pumzi, na mmeng'enyo wa chakula hupungua. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hofu ya chakula, makazi na kesho isipokwisha, mwili hubaki katika tahadhari. Baadhi ya watu huzihisi ishara kupita kiasi, wakidhani kila mdundo wa moyo ni ugonjwa. Wengine hufa ganzi, wasitambue njaa wala uchovu mpaka nguvu ziwaishie.

Maumivu hayo si ya kujisingizia. Aidha, uchovu na kuumwa kichwa huweza pia kuwa dalili za malaria, hivyo vipimo vinahitajika kabla ya kuhitimisha kuwa chanzo ni mawazo.

Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya vikundi ya kukabiliana na msongo. Washiriki hujifunza kukanyaga ardhi kwa uthabiti, kupumua polepole na kuzitambua hisia bila kuzikimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu wanawake 694 wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, Uganda, ulionyesha kuwa miezi mitatu baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, mazoezi hayo hayaondoi chanzo cha hofu. Mwili hutulia kikamilifu pale mtu anapokuwa na uhakika wa chakula, kazi na mahali pa kuishi.