Njia ya Wapagazi: Kutoka Sanya Juu Hadi Pangani

Alfajiri pale Sanya Juu, wilayani Siha, kabla ukungu haujainuka na kilele cha Kibo mlimani Kilimanjaro hakijafunuka, magari ya watalii hupita yakielekea lango la Londorosi. Juu ya keria kuna mahema, mitungi ya gesi na viti vya kukunja. Ndani wamebanana vijana wenye makoti mazito. Hao ni wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Wakifika getini, kila mzigo utatundikwa kwenye mizani, na ukizidi kilo 20 utapunguzwa. Kila ninapoitazama mizani hiyo hunijia mzigo mwingine, wa zaidi ya miaka 130 iliyopita: frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani kwa mtu aliyeanza kutembea Pangani, kwenye mchanga wa pwani, na ambaye hakuwa na mizani ya kumtetea.

Njia aliyopita mtu huyo nimeifuata kwa kushuka. Nilikuwa na gari dogo lenye godoro nyuma, nikiendesha taratibu na kulala palipochwea, kutoka Sanya Juu hadi baharini. Basi humaliza safari hiyo kwa siku moja. Mimi nilitumia siku tano, na bado nilikuwa na haraka mno ukinilinganisha na wenye njia yao.

Ukitaka kuielewa njia hii, anza na maji. Mto Sanya huteremka kutoka upande wetu wa mlima, hukata tambarare na kuungana na Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu hukutana mahali ambapo leo pana bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960. Kutoka hapo huenda mto mmoja, ambao watu wa juu huuita Ruvu na wa chini huuita Pangani. Huiacha milima ya Pare na Usambara kushoto kwake, hupita Korogwe, hudondoka kwenye maporomoko ya Hale na kuingia Bahari ya Hindi. Mtu mwenye mzigo hawezi kukaa mbali na maji. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Pangani walipotafuta pembe za ndovu bara, mto ulikuwa umekwisha kuwachorea njia.

Msafara ulikuwa mji unaotembea. Mbele alikuwa kirongozi na bendera yake, nyuma yake wapagazi kwa mamia, na kando wanyapara wa kuhimiza na kupatanisha. Ngoma na barghumu viliwaamsha watu kabla ya jua. Kwenda bara walibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya. Kurudi pwani walibeba pembe. Kwa siku walikwenda kilomita 15 au 20, wakifika kambini kabla jua halijawa kali, kisha kila kikundi kikapika chungu kimoja. Posho ilipimwa kwa kibaba cha nafaka. Piga hesabu: kutoka pwani hadi miguuni mwa mlima ni kama kilomita 350, yaani wiki tatu za kutembea mfululizo ikiwa hakuna mgonjwa, mto haujafurika na hakuna chifu anayedai hongo kubwa, yaani ushuru wa kupita. Mara nyingi vyote vitatu vilikuwapo.

Palipokuwa na kiu walibadili utaratibu. Walipika na kunywa mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri. Walilala pakavu bila kupika, wakaamka usiku na kuyafikia maji asubuhi ya pili. Nilisimama jioni moja kwenye nyika kati ya Same na Mombo, upepo ukipeperusha vumbi jekundu, nikafungua chupa yangu ya maji. Sikuweza kuimaliza bila kuwafikiria.

Vitabu vya shule vilitufundisha majina ya Wazungu waliopita. Majina ya waliowapitisha tulifundishwa kidogo mno, na hilo linaniuma. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, mwenye misafara aliyezijua njia za kutoka upande wa Mombasa. Rebmann alipouliza kuhusu weupe ule wa kileleni, jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu: baridi. Wasomi wa London walibishana kwa miaka kama theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Watu wa msafara walikuwa wamekwisha kutoa jibu lililotosha. Mwanzoni mwa 1849 Rebmann alikuwa Machame kwa chifu Mamkinga, majirani zetu kabisa wa Siha.

Kuna pia Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe. Mvumbuzi Joseph Thomson alipotaka kuivuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alihitaji msafara wa Kimemeta ili apite. Mwaka 1887 wavumbuzi wawili kutoka Austria-Hungaria, Teleki na von Höhnel, walipanda kutoka Pangani, na Kimemeta alikuwa nao tena. Machi 1888 walifika kwenye ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, nao wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Sijasikia kilima wala kijito kilichopewa jina la Kimemeta.

Mwaka huohuo wa 1888 pwani iliwaka. Agosti, kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake Pangani, watu walikataa, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita. Hans Meyer, aliyekuwa amekuja kuupanda mlima, alikamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, na wakaachiliwa kwa fidia. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa sababu ya vita hivyo, Meyer aliporudi mwaka 1889 alipitia Mombasa na Taveta, na tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni mwa Kibo.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa kila mgumu anayepita Sanya Juu alijue jina lake: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wapagazi wengine waliporudishwa chini, yeye alibaki kwenye kambi ya juu, zaidi ya meta 4,000, akiwasha moto na kupika huku Wazungu wawili wakienda na kurudi barafuni. Mfikirie mtu aliyezaliwa kwenye joto la minazi na mikoko. Maji kwenye sufuria huganda usiku, kuni ni vichaka vikavu vya kuokotwa mbali, hewa haitoshi, na yeye ndiye wa kuamka kwanza. Huyo ndiye babu wa kazi inayolisha nyumba nyingi za Siha, Machame na Marangu leo, na alitoka baharini.

Si kila aliyepita njia za msafara alipita kwa jasho. Mwaka 1891 Mmarekani May French Sheldon aliondoka Mombasa na watu zaidi ya 100, akiwa na machela ya kufumwa ambayo wapagazi waliibeba mabegani. Alilizunguka ziwa Chala kwa chelezo, na machifu aliwatembelea akiwa na gauni jeupe la hariri na nywele za bandia. Wapagazi walimwita Bibi Bwana. Namkumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyesafiri kama tunavyosafiri sisi wa siku hizi, kwa raha na kwa kutaka kuona. Raha yake ilikuwa na uzito, na uzito huo ulikuwa na mabega chini yake.

Kilichoimaliza misafara ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga miaka ya 1890, ikaenda kwa kusuasua: Korogwe 1902, Mombo miaka michache baadaye, Moshi 1911. Safari ya wiki tatu ikawa ya muda mfupi tu, na Pangani, mji uliokuwa mkubwa kwa sababu ya njia, ukaachwa pembeni. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, ikipita tambarare ya Sanya.

Hata hivyo mabega yaliitwa tena. Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuja kuwapiga Wajerumani kwa pande mbili: Jenerali Smuts kutoka Taveta, na kikosi cha Jenerali Stewart kutoka Longido, kati ya Meru na Kilimanjaro, kikishukia Boma la Ng'ombe. Moshi ikatekwa. Kisha jeshi likaufuata mto kwenda chini, njia ileile, na mwezi Julai Tanga nayo ikachukuliwa. Nyuma ya bunduki walitembea wachukuzi wa pande zote mbili, wengi wao kwa kulazimishwa, na walikufa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo limebaki kutokana na kikosi cha wachukuzi wa Waingereza. Makaburi ya wengi wao hayajulikani yalipo.

Siku ya nne ya safari yangu nilipita Segera na Muheza, nikafika Tanga, nikageuka kusini kuifuata bahari. Hapo kila mwenye gari anapaswa kupunguza mwendo. Kwanza ni Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mikoko ikiwa karibu. Kisha ni Kigombe, mitumbwi ikiwa imelazwa mchangani na dagaa wakianikwa. Bahari huonekana, hupotea nyuma ya minazi, huonekana tena. Upande wa pili wa barabara ni mkonge, zao lililoletwa mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf na kupandwa Kikogwe, hapahapa jirani na Pangani. Nililala usiku ule nikiusikia mvumo wa maji.

Asubuhi nilishuka kivukoni Pangani, kunakovukwa kwenda Bweni. Mto ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda bila kelele. Mzee mmoja alikuwa akisubiri na gunia la nazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamwambia Sanya Juu, Kilimanjaro. Akautazama mto kuelekea ulikotoka, akatikisa kichwa kama anayepokea salamu. Pantoni ilipogusa ngazi aliikunja khanga kuukuu ikawa ngata, akaiweka kichwani, nami nikamsaidia kulitwika gunia.