Mgeni wa Kilindi: Kushindwa kwa Sphere Kukitazamwa kutoka Malakisi

Filamu ya Sphere, iliyoongozwa na Barry Levinson na kuanza kuonyeshwa Februari 1998, haikupungukiwa na nyenzo. Ilitokana na riwaya ya Michael Crichton iliyochapishwa mwaka 1987. Iliwakutanisha Dustin Hoffman, Sharon Stone na Samuel L. Jackson, na iligharimu takriban dola milioni 80. Hata hivyo, mapato yake nchini Marekani yalikuwa kiasi cha dola milioni 37 tu, na wahakiki wengi hawakuisifu. Kosa lililotajwa mara kwa mara ni uigaji: James Cameron alikwishawateremsha watu kilindini kukutana na viumbe wageni katika The Abyss ya mwaka 1989. Hoja hiyo haitoshi. Hadithi za kushuka gizani huigana tangu jadi, na uigaji peke yake haujaua hadithi. Kilichoiua Sphere ni jinsi inavyomtendea mgeni iliyemwendea.

Kisa chenyewe kinaanza vizuri. Wataalamu wanapelekwa chini ya Bahari ya Pasifiki, kina cha futi 1,000 hivi, kukagua chombo ambacho matumbawe yaliyoota juu yake yanaonyesha kwamba kimelala pale kwa karibu miaka 300. Wanatarajia kukuta viumbe wa sayari nyingine. Wanakuta maandishi ya Kiingereza. Chombo ni cha Wamarekani wenyewe, kutoka wakati ambao haujafika. Ndani yake mna tufe la dhahabu lisiloeleweka asili yake, na kila anayeingia katika tufe hilo hupata uwezo wa kuyageuza mawazo yake yawe vitu. Ngisi mkubwa anayewashambulia ametoka katika hofu ya mmoja wao, Harry, ambaye alikuwa akisoma riwaya ya Jules Verne kuhusu safari za chini ya bahari na hakuweza kuupita ukurasa wa 87. Nakala za kitabu hicho zinapotokea kwa wingi chomboni, kurasa zote zinazofuata ukurasa huo ni tupu. Hapa pana wazo zuri kuliko yote yaliyomo katika filamu: jinamizi limezaliwa na msomaji aliyeshindwa kumaliza kitabu. Lakini linapitwa haraka, kisha zinafuata milipuko, maji na mayowe, na ngisi mwenyewe mtazamaji hapewi nafasi ya kumwona sawasawa.

Malakisi, mji mdogo wa Bungoma ulio karibu na mpaka wa Uganda, uko mbali na bahari. Hata hivyo, muundo wa hadithi hii si mgeni huko. Wabukusu husimulia habari za Mango, aliyeingia pangoni kumvizia joka Yabebe lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo. Matoleo ni mengi na yanatofautiana, ila kiini ni kimoja: Mango analikata joka kichwa, na baada ya ushujaa huo anatahiriwa kwa desturi ya majirani zake wa Mlima Elgon, desturi ambayo Wabukusu wanaifuata hadi leo. Yeyote atakayedai kwamba hiki ni kisa cha watoto na azingatie uzito wa matokeo yake. Aliyetoka pangoni si yule aliyeingia, na jamii nzima inabeba alama ya safari ya mtu mmoja.

Riwaya ya Haggard iliyowafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani ilikuwa na pango lake pia. Humo, wanaoshuka ni Wazungu, wanachotoka nacho ni almasi, na anayefanywa kiumbe wa ajabu ni Mwafrika. Mpangilio huo haukuishia vitabuni. Tarehe 10 Februari 1948, polisi wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoanzishwa na Elijah Masinde, palepale Malakisi, na watu 11 wakauawa. Suala la nani mgeni na nani mwenyeji, ambalo bunilizi za kisayansi hulichezea kwa starehe, hapo halikuwa mchezo.

Kazi ya Kiswahili inayostahili kuwekwa kando ya Sphere ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa na kutiwa katika chombo cha angani ili afe. Badala yake anafika Walenisi, nchi isiyo na matabaka. Jina hilo likikatwa linajisema: wale ni sisi. Ndilo fumbo lilelile la Sphere, kwamba kiumbe tuliyemdhania wa mbali ni sisi wenyewe. Kisanaa, Walenisi ina dosari zake: mazungumzo yake mara nyingi hugeuka mihadhara, na nchi iliyokamilika mno haina mgogoro wa kumshika msomaji. Lakini Mkangi anajua kwamba ugunduzi huo una deni. Katika Sphere, “sisi” ni hofu za watu watatu waliofungiwa majini, jambo la mwanasaikolojia na wagonjwa wake. Katika Walenisi, “sisi” ni utawala, kazi na mali, na Dzombo harejei kwao akiwa amesahau.

Kusahau ndiko hasa wanakokuchagua mashujaa wa Levinson. Waliosalia wanashikana mikono, wanakubaliana kuufuta uwezo wao pamoja na kumbukumbu zote za tufe, nalo tufe linapasua maji na kutoweka angani. Saa mbili za hadithi zinafutwa mbele ya mtazamaji aliyezilipia. Crichton angalau aliacha mwanya: katika kurasa za mwisho za riwaya yake, uso wa Beth unamfanya msomaji ashuku kwamba mwanamke huyo hakusahau kitu. Filamu iliuziba hata mwanya huo.