Kani ya Msokoto

Barabara itokayo Mitunguu kwenda Nkubu huanza katika nchi ya joto, penye migomba inyweshwayo kwa maji yaletwayo na mabomba, nayo hupanda na kupanda hata ikafika kwenye baridi ya miinuko ya Imenti. Na kila mwenye pikapu ya dizeli aipandaye hali amesheheni mikungu ya ndizi hadi juu ya bodi, pengine na tela nyuma yake, huulizwa na wenziwe watakao kununua gari kama lile suali moja tu: lina nguvu? Suali ni la haki, lakini neno nguvu, kama lisemwavyo sokoni na gereji, limebeba mambo mawili yaliyo tafauti kabisa, na asiyeyabainisha aweza kutoa mali yake akapata gari lenye sifa kubwa ya jambo la kwanza, ilhali kazi yake yataka la pili.

La kwanza ni zile nguvu za farasi ambazo kila mtu amezisikia. La pili Waingereza huliita torque, mafundi wetu wakalitamka toki, na baadhi ya waandishi wa Kiswahili wakalifasiri kuwa nguvu ya mzunguko. Mimi naliita kani ya msokoto, na sababu zangu zitadhihiri mara tu kitu chenyewe kitakapofahamika.

Mtazame fundi wa magurudumu akutanapo na nati iliyoshikwa na kutu. Hutia spana, akaiegemea kwa mikono miwili, na nati isitikisike. Kisha huchukua kipande cha bomba la chuma, akakivika kwenye mpini wa spana hata ukawa mrefu mara nne, akashika ncha ya bomba, akasukuma, na nati ikalia mlio mkali, ikalegea. Mikono ni ile ile na uzito wa mwili ni ule ule. Kilichozidi ni masafa baina ya mkono na nati. Akisukuma kwa kani ya nyutoni 400, ambayo ni kama uzito wa kilo 40, kwenye mpini wa robo mita, nati hupata nyutoni-mita 100; na akisukuma vivyo hivyo penye ncha ya bomba la mita moja, hupata nyutoni-mita 400. Kani ikizidishwa kwa urefu wa mkono wake: hilo ndilo jambo lenyewe, wala halina siri nyingine. Ndani ya injini, mkono ule ni wa krenki, na msukumaji ni pistoni iliyopigwa na mwako wa dizeli.

Basi jina la nguvu ya mzunguko lina kasoro mbili. Fundi yule alipokuwa akisukuma na nati haitikisiki, hapakuwa na mzunguko wowote, na hata hivyo zile nyutoni-mita 100 zilikuwapo, zikiisokota skrubu. Kadhalika gari lisimamapo katikati ya mlima na dereva akaanza kuachia klachi, kani hufika kwenye ekseli kabla gurudumu halijageuka hata kidogo, na hiyo ndiyo saa ambayo mwenye mzigo huihitaji kuliko zote. Kasoro ya pili, nayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba neno nguvu limekwisha kuchukuliwa na farasi. Kiswahili kina kani, neno ambalo watu wa pwani walilitumia tangu zamani kwa maana ya sulubu na bidii, na ambalo wasomeshao fizikia kwa Kiswahili wamelitenga kwa ajili ya msukumo na mvuto. Na kina kitenzi sokota, kijulikanacho na kila asokotaye kamba. Hata neno la Kiingereza, ambalo lilionekana katika maandishi mwaka 1884, limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana hiyo hiyo ya kusokota, kwa hiyo tukisema kani ya msokoto hatukuiacha asili yake.

Nguvu za farasi, kwa upande wake, ni hesabu ya kazi na muda. James Watt alikadiria kwamba farasi mmoja huweza kufanya kazi iliyo sawa na kuinua ratili 33,000 kimo cha futi moja kwa dakika moja, na kipimo hicho kikabaki. Mafungamano ya mambo haya mawili ni mepesi: kani ya msokoto kwa nyutoni-mita, izidishwe kwa mizunguko ya injini kwa dakika, igawanywe kwa 9,549, na jawabu ni kilowati. Chukua mathalan Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, ambayo imefanya kazi kila pembe ya Afrika ya Mashariki. Kani yake ya juu ni nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200, na hapo hutoa kilowati 66 hivi tu. Nguvu yake ya juu ni kilowati 96, lakini huzipata kwa mizunguko 3,800, wakati ambapo kani yake imekwisha kushuka hadi 241. Yaani injini ifikapo kilele cha sifa yake moja, sifa ya pili imekwisha kupungua.

Katika Kaunti hii ya Meru tafauti hiyo huonekana kwa macho. Pikapu za miraa zitokazo Maua hukimbilia Nairobi kwa mwendo wa kutisha, maana mzigo wao huharibika katika muda wa siku mbili hivi. Dereva wake hutaka nguvu za farasi, injini ikipiga kelele kwenye mizunguko ya juu. Mwenye ndizi wa Mitunguu hashindani na saa kwa kiasi hicho. Mzigo wake ni mzito, mlima wake ni mrefu, naye hutaka injini ivute kwa mizunguko 1,800 bila ya kulazimishwa kurudi gia ya kwanza.

Kwa mizani hiyo, Isuzu D-Max ya kizazi cha sasa yenye lita 3.0 hutoa nyutoni-mita 450, na Toyota Hilux ya lita 2.8 yenye gia za kujibadilisha hutoa 500, zote mbili zikianzia mizunguko 1,600 tu. Injini zao ni ndogo kuliko ile 1HZ, lakini turbo huzisukumizia hewa. Na fauka ya hayo, injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya uwezo wake kwa kila mita 1,000 za kupanda, khasara ambayo mkaazi wa miteremko ya Mlima Kenya hawezi kuidharau.

Wamarekani wamefika mbali zaidi. Dodge Ram ya mwaka 1989 yenye injini ya Cummins ilikuwa na kani ya futi-ratili 400. Ram ya mwaka 2019 ilifika 1,000, na Ford Super Duty ya mwaka 2023 ikafika 1,200. Msomaji na atahadhari: futi-ratili moja ni nyutoni-mita 1.356, kwa hiyo ile 1,200 ni nyutoni-mita 1,627, na anayelinganisha tarakimu za matangazo bila ya kutazama kipimo hulinganisha vitu visivyolingana.

Kani ya injini, hata hivyo, si ile ifikayo kwenye gurudumu. Gia ya kwanza ikiwa ni 4 kwa 1, na difu 4 kwa 1, zile nyutoni-mita 285 huwa 4,560 kwenye ekseli kabla ya kutoa iliwayo na msuguano, na kasi hugawanywa kwa 16. Ndiyo maana gari kuukuu lenye gia fupi hupanda palipolishinda jipya. Wala kani peke yake haitoshi kukokota, kwa sababu kilichopandishwa hakina budi kuteremshwa, na mwenye kutoka Nkubu kwenda Embu hupita mteremko wa daraja la Nithi, ambako mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakafa. D-Max na Hilux nilizozitaja huandikiwa na watengenezaji, katika masoko mengi, tela la kilo 3,500 likiwa na breki zake lenyewe. Tela lililoungwa kwa mchomeleaji bila ya breki, kwa magari hayo hayo na kani ile ile, huandikiwa kilo 750.