Tatizo la Uovu

Tatizo la uovu ni swali la falsafa na dini: ikiwa Mungu ni mwema na muweza wa yote, mbona maovu yapo? Ni hoja kuu ya wakanamungu. Huko Tana River, nchini Kenya, swali hili lina uzito wa pekee. Agosti 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa kijijini Riketa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Wakristo kwa kawaida hujibu kwa kutaja hiari ya binadamu. Waislamu hutaja kadari na mtihani. Mkanamungu aweza kukubali kwamba hiari yaeleza panga la muuaji, lakini si mafuriko ya Mto Tana, yaletayo rutuba mashambani na kuwafukuza watu makwao karibu na Garsen. Jibu la hiari halifiki huko.