Namna ya kutengeneza trela na afishi ya filme ya mwanafunzi

Kila mwaka wanafunzi wa Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani wanapiga filme fupi kwa simu au kwa kamera ya kukodi. Wengine wanazipiga kwa kumaliza masomo, wengine ni wa klabu za vijana au vituo vya sanaa. Filme nyingi zinaonyeshwa siku moja tu, mbele ya walimu na marafiki, kisha zinalala ndani ya diski. Mara nyingi si kwa sababu filme ni mbaya: watu hawakujua kama iko. Habari hii inaeleza vitu vinavyoitangaza filme, yaani trela, afishi, maelezo mafupi na tangazo la redio, na namna ya kuvitengeneza bila feza nyingi na bila kumletea mtu shida.

Trela ni nini?

Trela, ile watu wa masomo ya sinema kwetu wanaita « bande-annonce », ni video fupi inayomfanya mtu atake kuona filme nzima. Haiko ufupisho wa hadithi. Ufupisho unaeleza mwanzo, katikati na mwisho. Trela inauliza swali na kuliacha bila jibu. Mtu akiona trela na kujua filme inaishaje, hana tena sababu ya kutoka nyumbani.

Filme kubwa za kuonyeshwa katika sinema ziko na trela ya karibu dakika mbili, wakati mwingine dakika mbili na nusu. Lakini hizo ni filme za saa moja na nusu au zaidi. Kwa filme ya mwanafunzi ya dakika 10 au 15, sekunde 45 mpaka 60 zinatosha. Kuko pia tiza, fupi zaidi, ya sekunde 10 mpaka 20, inayotoka mapema kabla filme haijamalizika: picha moja ao mbili, sauti, jina la filme, basi.

Kuanza na sentensi moja

Kabla ya kufungua ordinatere kwa montaji, ekipe inapaswa kuandika sentensi moja inayosema: nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Filme zilizopigwa Congo na kufika mbali zinaonyesha nguvu ya sentensi hiyo. « Viva Riva! » ya Djo Tunda wa Munga, ya mwaka 2010: kijana anarudi Kinshasa na mafuta ya wizi wakati mji hauna mafuta, na wenye mali wanamfuata. « Félicité » ya Alain Gomis, iliyopata zawadi kubwa ya jiri kule Berlin mwaka 2017: mwimbaji wa Kinshasa anatafuta feza za kuokoa mguu wa mtoto wake. « En route pour le milliard » ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani: watu walioumizwa katika vita vya siku sita vya mwaka 2000 wanapanda boti mpaka Kinshasa kudai malipo yao.

Katika kila sentensi mtu anaona tayari safari na kizuizi. Ekipe ikishindwa kuandika sentensi kama hiyo, shida haiko kwenye trela, iko kwenye filme yenyewe. Ni vizuri kuigundua mapema.

Mfano wa filme ya chukudu

Tuchukue mfano wa kubuni: filme ya dakika 12 juu ya kijana wa Goma anayesukuma chukudu. Anatafuta feza za minervali ya dada yake mdogo, ili asikose Exetat. Trela ya sekunde 60 inaweza kupangwa hivi:

– Sekunde 0 mpaka 5: kioo ni cheusi. Sauti tu ya magurudumu ya mbao juu ya mawe ya volkano. Jina la shule au la kituo linatokea.
– Sekunde 5 mpaka 20: kijana na chukudu yake, magunia ya makala, asubuhi. Sauti ya dada: « Yaya, mwisho ni Ijumaa. »
– Sekunde 20 mpaka 40: shida zinaanza. Gurudumu linavunjika, mvua inanyesha, mwenye makala anakataa kulipa.
– Sekunde 40 mpaka 50: picha fupi fupi zinafuatana, kisha kimya. Sura ya kijana, anaangalia kitu tusichokiona.
– Sekunde 50 mpaka 60: jina la filme, siku, saa, fasi, bei ya kuingia.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, sauti inaingia mbele ya picha. Watu wengi wanaacha video katika sekunde za kwanza, na sauti wanayoijua inawashika haraka kuliko majina kumi ya watengenezaji. La pili, sanamu kubwa la chukudu la rond-point halimo katika trela hiyo. Kwa mtu wa Kinshasa au wa Ulaya sanamu hilo linasema mara moja kama tuko Goma. Kwa mtu wa Goma, anayelipita kila siku, haliongezi kitu. Kuchagua picha ni kwanza kuchagua unasema na nani.

Montaji kwa feza kidogo

Kuko programu za bure. Kwenye ordinatere, DaVinci Resolve iko na toleo la bure lenye nguvu, lakini linadai mashini nzuri. Kdenlive inafanya kazi hata kwenye mashini ya kawaida. Kwenye simu, wengi wanatumia CapCut. Kwa sauti, Audacity ni ya bure. Kwa afishi, GIMP na Inkscape.

Fundi anapaswa kutoa trela mara mbili. Toleo la kwanza ni la kulala, pikseli 1920 kwa 1080, la kuonyesha kwa projekta na kuweka YouTube. La pili ni la kusimama, 1080 kwa 1920, kwa sababu watu wengi wanaangalia kwa simu, kwenye status za WhatsApp. Haitoshi kukata picha pembeni: katika toleo la kusimama, sura inapaswa kuwa katikati na maandishi yawe makubwa.

Halafu kuna uzito. Video ya dakika moja iliyotolewa kwa megabiti 8 kwa sekunde inakuwa na mega 60 hivi. Ikitolewa kwa megabiti 2, inabaki na mega 15. Kwa mtu anayenunua mega za siku, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama ataifungua. Kwa hiyo: nzito kwa projekta, nyepesi kwa simu. Na kwa kumtumia mwandaaji wa tamasha trela kwa WhatsApp, itumwe kama dokima, haiko kama video ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inapunguza ubora wa video.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mradi unaweza kupotea. Kuweka kopi mbili, kwenye diski na kwenye funguo ya USB inayolala nyumba nyingine, ni bei ndogo.

Lugha na maandishi ya chini

Filme zetu zinasema Kiswahili, Mashi, Kinande, Kihunde, Lingala, na Kifaransa cha shule. Kuzungumza kama watu wanavyozungumza kunaipa filme ukweli. Lakini trela inasafiri, kwa hiyo inahitaji maandishi ya chini: Kiswahili kwa watu wa majimbo ya mashariki, Kifaransa kwa matamasha. Mistari isizidi miwili kwa mara moja, na kila mstari usipite herufi 40 hivi, la sivyo mtu anasoma bila kuona picha.

Jina la filme nalo linaweza kuwa na sura mbili. Filme ya Hamadi inaitwa kwa Kifaransa kwa ajili ya feza inayodaiwa, lakini kwa Kiingereza inaitwa « Downstream to Kinshasa », jina linalosema safari ya mto. Kila jina limetafuta watu wake.

Afishi na vitu vingine

Afishi nzuri inasomwa na mtu anayepita juu ya moto bila kusimama. Picha moja kubwa, jina la filme, siku, saa, fasi na bei. Majina ya ekipe yakae chini, kwa herufi ndogo. Afishi yenye sura sita na rangi saba haisomeki na mtu.

Kwa kuchapa, A3 (sentimita 29,7 kwa 42) ni ya bei nafuu na inatosha kwa ukuta wa chuo au wa alimantasio. Faili iwe na pikseli 3508 kwa 4961, vinginevyo picha inatoka na ukungu. Wengi wanakosea hapa: wanachukua picha kutoka ndani ya video. Picha ya video ya kawaida haina pikseli za kutosha kwa karatasi kubwa. Dawa ni kuweka mtu mmoja wa kupiga picha siku za kazi, kwa kamera au kwa simu nzuri, kila mara baada ya kipande kupigwa, waigizaji wakiwa bado katika nguo na mwanga uleule.

Kwa gazeti, redio na matamasha kunahitajika faili ndogo yenye: ile sentensi moja, maelezo ya mistari mitano, urefu, mwaka na lugha ya filme, picha tatu nzuri, maneno machache juu ya mtengenezaji, namba ya simu ya ekipe. Mwandishi wa habari aliye na haraka ataitumia filme ambayo tayari imemrahisishia kazi.

Tangazo la redio

Katika vijiji na kartiye nyingi redio inafika fasi trela haifiki. Tangazo la sekunde 30 ni maneno 60 hivi yakisomwa polepole. Trela ikitolewa picha haigeuki kuwa tangazo la redio, linaandikwa upya. Kwa mfano wetu: (sauti ya chukudu) « Yaya, mwisho ni Ijumaa. » – « Nimesikia. Lala. » (gurudumu linavunjika) « Siku tatu, chukudu moja, na minervali ya dada. Je, atafika? Filme mpya ya wanafunzi wa Goma. Jumamosi saa tisa kamili, katika ukumbi wa chuo. Kuingia ni bure. » Siku na fasi zirudiliwe mara mbili, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudisha redio nyuma.

Usalama wa watu waliomo

Hapa ndipo kosa linaweza kumgharimu mtu maisha. Filme inaonekana na watu waliokuja kuiona yote. Trela inaruka kutoka simu mpaka simu, bila maelezo, mpaka kwa watu ambao hawakutakiwa kuiona. Kwa hiyo mtu aliyekubali kuwa ndani ya filme hajakubali bado kuwa ndani ya trela. Aulizwe tena, kwa lugha anayoisikia vizuri, na aandike au aseme kibali chake mbele ya kamera. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anakubali, lakini mtoto pia aulizwe.

Kwa filme juu ya vita au ubakaji, sura ya aliyeumizwa isitumiwe kutangaza filme. Kufunika macho hakutoshi: sauti, mlango wa nyumba, kitambaa, hata namna ya kutembea vinamtambulisha mtu kwa majirani. Mikono, viatu, au mto unaotembea vinaweza kubeba habari bila kumweka mtu wazi.

Filme za kubuni nazo ziko na hatari yake. Vijana wenye bunduki za mbao na nguo za kijeshi barabarani wanaweza kueleweka vibaya. Barua ya ruhusa ibebwe siku zote, mkuu wa kartiye na polisi wajulishwe, na majirani waambiwe mapema. Kisha, kipande cha sekunde kumi cha watu wanaokimbia kinaweza kukatwa na kusambazwa kama habari ya kweli ya kijiji fulani. Njia moja ya kujikinga: kuandika jina la filme pembeni ya picha, tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na neno « filme ».

Muziki wa nani?

Kupakua wimbo siyo kupata haki ya kuutumia. Congo iko na sheria juu ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na SOCODA ndiyo shirika linalosimamia haki hizo. YouTube nayo inaweza kutambua wimbo yenyewe na kuzuia video au kukata sauti. Njia rahisi ni kumwomba mwanamuziki wa kartiye atunge sekunde 60, na kuandikiana karatasi inayosema: wimbo gani, kwa filme gani, kwa malipo gani, na jina lake liandikwe wapi.

Kalenda ya wiki nne

Wiki ya kwanza: kuandika ile sentensi, kuchagua picha ya afishi, kutoa tiza. Ya pili: kumaliza trela na kuionyesha kwa watu watano ambao hawajui filme. Waulizwe hadithi ni juu ya nini. Wakishindwa kujibu, montaji irudiliwe. Ya tatu: kuchapa afishi, kupeleka tangazo kwa redio na faili kwa waandishi. Ya nne: toleo la simu linatumwa kwa wingi, na siku mbili kabla ya onyesho linatumwa tena. Jenereta, mafuta yake na projekta vijaribiwe siku moja mbele, ndani ya ukumbi wenyewe, pamoja na faili ileile itakayoonyeshwa.