Tarihi ya Kupima Pumzi za Wenye Mizio ya Pua

Tarehe 16 Machi 1819, mbele ya jumuiya ya matabibu na wapasuaji wa London, ilisomwa habari ya mgonjwa ambaye tangu utotoni, kila ufikapo mwezi wa Juni, alishikwa na mwasho wa macho, chafya zisizokoma na kubanwa na kifua. Na mgonjwa huyo hakuwa mwingine ila ni mwandishi wa habari yenyewe, tabibu John Bostock. Katika anwani yake aliyataja macho na kifua, wala pua hakuitaja, ilhali siku hizi maradhi hayo, yaitwayo mizio ya pua, huhesabiwa kuwa ya pua kwanza.

Chombo cha kuthibitisha dhiki ya kifua kilikuwa hakijapatikana. Kilikuja kwa mkono wa John Hutchinson, ambaye mwaka 1846, mwaka uleule aliofariki Bostock, alitangaza katika jarida la jumuiya ileile matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi, mabondia na mafukara. Mtu alijaza mapafu kadiri ya uwezo wake, kisha akapuliza katika mrija hata pipa lililofudikizwa majini likainuka. Na Hutchinson akabaini kwamba kadiri mtu azidivyo urefu ndivyo izidivyo pumzi yake. Alitaraji makampuni ya bima ya maisha yangekithamini chombo chake, yaani spirometa. Mwaka 1852 alihamia Australia, na mwaka 1861 akafia Fiji, mbali kabisa na spirometa zake.

Kasoro ya kipimo kile ilikuwa kupima wingi wa hewa pasi na kuangalia wepesi wa kutoka kwake. Kwani mwenye pumu aghalabu huweza kuitoa pumzi yake takriban yote, mradi apewe muda, maana illa yake ni njia za hewa zilizosinyaa. Kwa maoni yangu hatua kubwa kuliko zote ni ile ya Mfaransa Robert Tiffeneau, aliyeshauri mwaka 1947 kwamba ipimwe hewa itokayo katika sekunde moja ya kwanza.

Hata hivyo mwenye mizio ya pua aliendelea kutibiwa pua, mpaka mwaka 2001 wataalamu walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani walipoagiza kwamba kila mwenye mafua ya mizio ya kudumu achunguzwe pumu pia, kwa kuwa pua na mapafu ni njia moja. Mgonjwa hupuliza katika spirometa, hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, kisha baada ya robo saa hivi hupuliza tena. Na kwa kanuni za mwaka 2005, ikiwa hewa ya sekunde ya kwanza imezidi kwa asilimia 12 na mililita 200, dawa ilihesabiwa kuwa imefungua njia. Lakini ambaye mizio yake huletwa na chavua, akipimwa nje ya msimu wake, aweza kuonekana mzima kabisa, na ndipo tabibu humwita tena chavua zinaporuka, ama humvutisha methakolini, dawa ya kubana njia za hewa, kidogo kidogo, aone iwapo kifua chake ni chepesi kubana.