Ngamia Ahama, Kiwanda Hakihami: Usindikaji wa Maziwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya ngamia milioni 4 nchini Kenya, na sehemu kubwa yao wako Garissa, Wajir na Mandera. Hata hivyo, maziwa ya pakiti yanayopangwa kwenye maduka ya mji wa Garissa kwa kawaida ni ya ng'ombe wa nyanda za juu, yaliyosafirishwa zaidi ya kilomita 350. Ya ngamia huuzwa nje, kivulini, kutoka kwenye mitungi ya plastiki. Makala haya yanadai kwamba hali hiyo haitokani na uhaba wa maziwa wala uzembe wa wafugaji. Inatokana na mfumo wa usindikaji uliobuniwa kwa ajili ya mnyama mwingine na ardhi nyingine.

Mfumo huo una historia. Kampuni ya maziwa ya Kenya Co-operative Creameries (KCC) iliundwa na walowezi mwaka 1925, na baada ya uhuru Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye mvua na rutuba. Kiwanda cha maziwa kikajengwa juu ya dhana nne: shamba lenye mipaka, ng'ombe asiyehama, barabara inayopitika mwaka mzima, na umeme. Kaskazini Mashariki dhana hizo hazishiki. Kiangazi ngamia hufuata malisho mbali na mji, na maziwa hupungua. Mvua zikinyesha maziwa hufurika, lakini njia za udongo hazipitiki. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kutosheleza, uliua zaidi ya mifugo milioni 2.5 nchini. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yakakata barabara ya Nairobi pale Madogo, karibu na mji wa Garissa. Katika mazingira hayo, kiwanda kikubwa kitakaa bure maziwa yanapoadimika na kukosa kuyafikia yanapojaa.

Tasnia iliyopo tayari inaendeshwa na wanawake. Maziwa hukamwa alfajiri, hufikishwa kando ya barabara kwa punda au bodaboda, kisha hupakiwa kwenye magari ya abiria hadi Garissa au Eastleigh, Nairobi. Mchuuzi hujua ni boma gani la kuaminiwa. Mkopo hulindwa na undugu, na malipo hupita kwenye simu. Ujuzi wa kuhifadhi chakula nao si haba. Vyombo hufukizwa moshi wa miti teule, maziwa yaliyochacha huuzwa kama susa, na nyama hukatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuwa nyirinyiri inayodumu miezi bila friji.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya afya, na hoja hiyo ni nzito. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, ugonjwa unaotupisha mifugo mimba na kumtia binadamu homa ya muda mrefu. Mitungi iliyotumika kubeba mafuta ya kupikia ni migumu kusafisha, hasa penye maji machache. Moshi na kinga za asili zilizomo katika maziwa ya ngamia huchelewesha kuharibika, ila haviyafanyi kuwa salama. Lakini kumdai mchuuzi leseni nako hakuui vijidudu. Shirika la Viwango la Kenya limeweka kiwango cha maziwa ya ngamia. Kukifikia kunahitaji kupoza maziwa mapema, madebe ya alumini, vipimo na kuchemsha. Anayemtoza mchuuzi faini bila kumwekea hayo humsukuma tu kuuza mafichoni.

Kwa hiyo suala ni mpangilio wa matumizi ya fedha: nini kigharamiwe kwanza. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa mwaka 2019 na kinacholisha gridi ya taifa, ilhali Wajir na Mandera zimetegemea kwa miaka mingi mitambo ya dizeli. Jua lilo hilo linaweza kuendesha vipoza maziwa vidogo kwenye njia za ngamia, vinavyoweza kuhamishwa msimu ukibadilika. Ushirika wa wanawake wa Anolei, Isiolo, umeonyesha kwamba wachuuzi waliojiunga wanaweza kukusanya maziwa, kuyapoza na kuyapeleka Nairobi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la masoko na vyama vya ushirika; uwezo wa kisheria upo.

Tahadhari moja inabaki. Kila lita inayouzwa imepunguzwa kwa ndama au kwa mtoto wa mfugaji, na bei nzuri mjini yaweza kukausha kibuyu nyumbani. Mafanikio yasipimwe kwa lita zilizofika Eastleigh pekee. Lishe ya watoto bomani ipimwe pamoja nazo. Bajeti za kaunti zianze na vipoza, madebe na wapimaji, mikononi mwa wanawake wanaouza leo. Kiwanda kije baadaye, ukubwa wake ukikadiriwa kwa maziwa ya kiangazi, si kwa yale ya masika.